Mwale wa Saa Tatu Asubuhi

Usijifanye hukuona. Ulikuwa pale. Walipomtoa Tunu Mkangwa ofisini wamemshika viwiko, huyu huku yule kule, wewe ulikuwa wa tano kwenye foleni ya mbolea, na ghafla ukagundua jambo zito kwenye ukucha wa kidole gumba chako. Ukaukagua ukucha huo mpaka gari likaondoka. Aliyekuwa nyuma yako alisoma tangazo la chanjo ya ng'ombe, mtu asiye na hata kuku. Aliyekuwa mbele yako aliinama kufunga kamba za viatu. Alikuwa amevaa kandambili.

Sikulaumu. Mimi nasimulia tu. Nchi ninayoisimulia haimo kwenye ramani yoyote, viongozi wake hawafanani na kiongozi yeyote aliye hai, na wewe raia wake vilevile hupo. Kwa hiyo kaa vizuri. Hakuna atakayekukamata kwa kusoma habari za mahali ambapo hapapo.

*

Matangi yaliletwa mwaka ule reli ilipozinduliwa kwa mara ya tatu. Unakumbuka? Mara ya kwanza ilizinduliwa reli bila treni. Mara ya pili treni bila reli. Mara ya tatu vilikuwapo vyote viwili, ila katika mikoa tofauti, na wewe ukapiga makofi mara zote tatu. Nina kumbukumbu ndefu, ndiyo shida yangu.

Iliyoyaleta ni Wizara ya Mambo ya Juu, chini ya Mheshimiwa Lutambi Kaswaga. Mheshimiwa huyu zamani alikuwa Waziri wa Mambo ya Chini, yaani madini. Chini kulipokwisha, akahamishiwa juu.

Mkutano ulifanyika uwandani Lukosi, jua kali, viti vya plastiki kwa wageni na ardhi kwa wenyeji. Mheshimiwa akashika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Ndugu wananchi! Huko juu kuna vitu vinaingia nchini. Vinaingia usiku na mchana, bila viza, bila kupita forodhani, bila hata kusema hodi! Serikali yenu sikivu imesema nini?"

Watu wakanyamaza, maana hawakujua imesema nini.

"Imesema: navyo vihesabiwe!"

Makofi. Kisha akasimama Profesa Anselm, mtu mrefu wa kutoka nchi za baridi, pua imebabuka kwa jua, Kiswahili chake kimenyooka kuliko cha Waziri. Yeye hakupiga kelele. Alieleza kwamba kuna chembe ndogo mno zinazosafiri kutoka mbali mno, nyingine huenda zimetoka nje kabisa ya kundi letu la nyota. Chembe moja ikigonga hewa kule juu inapasuka, vipande vyake vinagonga hewa tena na kupasuka, vinaendelea hivyo hivyo, mpaka kinachofika ardhini ni mvua ya chembe mabilioni, imetanda kilomita kadhaa.

"Hata sasa hivi," alisema, "zipo zinazopita katika miili yenu."

"Sasa hivi?" akadakia Mama Nasra, muuza maandazi, mwanamke ambaye mdomo wake haujawahi kuomba kibali. "Zinapita tu, hata hazijaniomba ruhusa? Profesa, mimi nimeolewa!"

Uwanja ukacheka. Profesa naye akacheka, akaonyesha tangi la kwanza, pipa kubwa jeupe lenye kifuniko kilichobana. Ndani kuna maji safi na giza totoro, na juu ya maji jicho la kioo. Chembe ikikatiza majini inaacha mmweko hafifu wa buluu, jicho linauona.

"Lakini tangi moja likisema nimeona, hatuliamini," alisema. "Kila wakati kuna chembe moja moja inayopotea njia na kupita hapo. Hiyo ni kelele. Yakisema matangi matatu, manne, kumi, kwa mpigo, kila moja kutoka mahali pake, hapo tunajua kumeanguka kitu kikubwa. Ndiyo maana tunayatawanya uwanda mzima."

Hapo ndipo Tunu aliponyoosha mkono. Tunu ni karani wa kata ya Lukosi. Ana sauti ya kukwaruza na kicheko kinachomtangulia kufika. Anaishi chumba cha nyuma ya ofisi. Ukuta wa kichwani mwa kitanda chake ndio ukuta wa mezani kwake, kwa hiyo hajawahi kuchelewa kazini wala kutoka kazini.

"Samahani, Profesa. Na zile kubwa kabisa, zinakuja mara ngapi?"

"Zile kubwa kabisa? Kwenye eneo la kilomita moja ya mraba, labda moja kwa karne."

"Kama gari la wagonjwa," akasema Mama Nasra.

Watu wakaanguka kwa kicheko. Mheshimiwa Waziri naye akacheka sana, akidhani ni sifa.

*

Mambo yalikwenda sawa miezi ya mwanzo, na kwa nchi ile hiyo ilikuwa dalili mbaya. Matangi yalikuwa yakipokea saa kutoka setilaiti, yanatuma taarifa zao makao makuu kwa redio, kimya kimya, bila kusumbua mtu. Kisha Mheshimiwa akaja kukagua, akaelezwa hayo, uso ukamvimba.

"Profesa, hili tangi liko kata gani?"

"Lukosi, Mheshimiwa."

"Linaongeaje na makao makuu moja kwa moja? Halina mtendaji? Halina mkuu wa wilaya?"

"Mheshimiwa, katika kazi hii wakati ndio kila kitu. Tofauti ya sehemu ya milioni ya sekunde kati ya tangi na tangi ndiyo inatuonyesha mwale, yaani ile mvua ya chembe, umetokea upande gani wa mbingu."

"Sehemu ya milioni ya sekunde." Mheshimiwa akamgeukia katibu wake. "Katibu, sisi tuna sekunde?"

"Tuna saa, Mheshimiwa."

"Basi tutumie tulichonacho. Taifa linaloazima sekunde kwa jirani litaazima kesho hata Jumatatu."

Wiki hiyo hiyo ukatoka Waraka wa Mambo ya Juu. Mitambo ya redio ikazimwa. Kila asubuhi taarifa za matangi zichapwe kwenye karatasi katika ofisi ya kata, zigongwe muhuri, zipigwe picha kwa simu ya karani na kutumwa makao makuu. Na kifungu kilichopigiwa mstari kilisema hivi: tukio lolote la mbinguni litahesabiwa kuwa limetokea saa ile lilipogongwa muhuri.

Sasa, muhuri wa kata unaujua. Ule wa chuma wenye magurudumu madogo ya kuzungusha: siku, mwezi, mwaka, saa. Saa za kazi unazijua pia. Ofisi zote za nchi ile zinafunguliwa saa tatu asubuhi. Na kazi ya kwanza, kabla ya chai, ni kugonga karatasi za matangi zilizolundikana tangu jana.

Unaona tunakokwenda. Bila shaka unaona, maana ulikuwapo.

*

Kule makao makuu kulikuwa na mashine ambayo katika maisha yake ilifundishwa jambo moja tu: wengi wakisema kwa mpigo, kuna kitu kikubwa. Siku ya kwanza ya Waraka, mashine ikalishwa karatasi za nchi nzima. Kila tangi la kila kata lilikuwa limeona kitu. Yote saa tatu kamili. Ramani yote ikawa nyekundu. Mashine ikaanza kuandika nguvu ya mwale huo, ikaandika sifuri, ikaandika sifuri, sifuri zikafika ukingoni mwa kioo zikarudi mstari wa pili.

Profesa alikaa chini pasipo na kiti.

"Haiwezekani," alisema kutoka sakafuni. "Mwale wa namna hii ungetoka wapi?"

"Umekuja kwetu," akasema Mheshimiwa. "Hilo ndilo la kuandika."

Kesho yake ukaja tena, saa tatu. Keshokutwa, saa tatu. Jumamosi haukuja. Jumapili haukuja. Jumatatu ukaja kama kawaida. Siku makarani walipoitwa semina mpaka saa tano, mwale ukafika saa tano, na redio ya taifa ikawataka wananchi radhi kwa niaba ya mbingu. Siku ya kuzaliwa ya Mheshimiwa Mkuu wa Nchi, ambayo ni mapumziko, mwale haukuonekana kabisa. Ikatangazwa kwamba umepumzika kwa heshima.

Profesa akajaribu. Nasema kweli, alijaribu mara moja.

"Mheshimiwa, nimeona kwamba mwale huu hauji Jumapili."

"Kwa nini uje Jumapili? Hata wewe Jumapili huji."

Ukapewa jina, Mwale wa Taifa. Ukatungiwa wimbo. Shuleni watoto wakapangwa mstari kila saa tatu, viganja vimeelekezwa juu kuupokea. Wakulima wakaamriwa kusimama majembe yakiwa begani. Benki zikasimamisha shughuli kwa dakika moja, na hapa lazima niseme ukweli, hakuna aliyeona tofauti. Mwalimu mmoja wa mazoezi ya viungo alijitokeza kwenye televisheni akisema tangu mwale uanze amepona mgongo.

Na hapa ndipo unaponichosha. Kwa sababu ulijua. Hakuna mtu katika nchi ile ambaye hajasimama kwenye foleni ya ofisi ya kata saa tatu asubuhi akasikia muhuri: pa, pa, pa, pa. Unaijua sauti hiyo kuliko sauti ya mjomba wako. Ulisimama wima, mkono kifuani, ukiheshimu mlio wa makarani wanaogonga karatasi. Ulijua, kama ulivyojua mwaka wa alizeti, tulipofunga maua kwa kamba ili yatazame Ikulu. Kama ulivyojua sensa ile ambayo marehemu walitoa shukrani kwa maji ya bomba. Ulijua ukaimba, na sauti yako ni nzuri, sikatai.

Profesa naye alijua. Nilimkuta siku moja kwenye benchi la Mama Nasra, andazi mkononi limepoa.

"Profesa, ni muhuri ule," nikamwambia.

"Najua ni muhuri."

"Basi sema."

"Nikisema nitafukuzwa, matangi yatafunguliwa na kufanywa ya kuoshea magari." Akaligeuza andazi. "Unajua kinachoniuma? Ile moja ya karne. Huenda imeshaanguka hapa, mwezi huu, jana. Na karatasi yake imegongwa saa tatu kama zote. Hatutaijua kamwe."

"Kumbe unalia kwa ajili ya chembe," akasema Mama Nasra. "Kula andazi, baba, linaharibika."

Profesa akala. Kisha akaenda kuandika ripoti kwamba matokeo yanavutia na yanahitaji uchunguzi zaidi.

*

Ikafika Jubilei ya Mwale. Makao makuu wakaalikwa mabalozi, ramani ikatundikwa ukutani yenye taa moja kwa kila kata, ili saa tatu ikifika wageni waone kwa macho nchi yote ikiwaka.

Asubuhi hiyo hiyo, kule Lukosi, Hidaya mke wa Sudi Kimweri alishikwa na uchungu tangu jogoo la kwanza, na mkunga alipompapasa tumbo akasema mtoto amekingama, hapa mimi sina mikono ya kazi hiyo, pelekeni wilayani sasa hivi. Wakambeba kwenye kitanda cha kamba mpaka ofisi ya kata, kwa sababu gari la kata huegeshwa hapo. Ndani ya gari alikuwamo dereva, Chande, ufunguo mkononi.

"Twende basi!" akalia Sudi.

"Twende wapi bila barua ya ruhusa, kaka yangu? Kizuizi cha kwanza tu watanishusha. Leo Jubilei, kuna askari kila mti."

Ilikuwa kumekucha, saa kumi na mbili. Foleni ya mbolea ilikuwa imeshajipanga, imefika kisimani. Mama Nasra alikuwa anakaangia foleni. Akaacha karai, akaenda ukuta wa nyuma, akaupiga kwa ngumi.

"Tunu! We Tunu! Amka, mtoto wa watu anakufa hapa nje!"

"Saa ngapi?" sauti ya kukwaruza ikajibu.

"Kufa nako kuna saa zake za kazi?"

Tunu akatoka, kanga kifuani, nyingine kichwani, akafungua ofisi. Barua akaiandika kwa mistari miwili. Akainua muhuri, akasita.

"Chande, muhuri unasema saa tatu."

"Dada Tunu, ukinipa barua ya saa tatu na sasa ni saa kumi na mbili, kwenye kizuizi watanisimamisha mpaka saa tatu ifike. Waliwahi kumfanyia hivyo dereva wa maiti. Maiti ikasubiri."

Nje Hidaya akatoa sauti ambayo sitaieleza.

Basi Tunu akajaribu kuzungusha gurudumu la saa. Halikuzunguka. Tangu lirudishwe kwenye tatu baada ya siku ile ya semina, hakuna aliyeligusa. Lilikuwa limeota kutu papo hapo kwenye tatu. Akalipinda kwa kucha, akalipinda kwa meno. Ndani kulikuwa bado giza, na wewe, ndiyo, wewe, ukatoka kwenye foleni ukaingia ukamulika kwa simu yako. Mama Nasra akaleta mafuta ya karai kwenye kijiko, akatonesha. Mafuta yakafuka moshi. Gurudumu likalia kri, likaruka, likasimama kwenye kumi na mbili, na ndani yake kitu kikakatika.

Tunu akagonga. Gari likaondoka kwa vumbi. Mtoto akazaliwa wilayani kwa kisu, hai, wa kike, kilo tatu na ushee, mwenye hasira. Mama yake hai.

Nakuuliza: je, hapo palikuwa na kosa?

Saa tatu ilipofika Tunu akachapa karatasi za matangi kama kila siku. Lukosi ndiyo yenye matangi mengi kuliko kata zote, uwanda mzima. Akajaribu kulirudisha gurudumu kwenye tatu. Limekatika. Hakuna muhuri mwingine. Kukataa kugonga ni kosa. Kugonga ni amri. Akagonga: saa kumi na mbili, saa kumi na mbili, saa kumi na mbili.

Kule makao makuu Mheshimiwa alikuwa ameinua mikono yote miwili.

"Na sasa, waheshimiwa wageni, mbingu yenyewe itawasalimu!"

Taa zikawaka kata baada ya kata, nyekundu, mashariki, magharibi, kusini. Katikati palibaki peusi. Pakubwa, pa mviringo. Ramani ya taifa ikawa kama shati lililosahauliwa chini ya pasi.

Balozi mmoja akaegemea mbele. "Na pale katikati?"

"Pale," akasema Mheshimiwa bila kupepesa, "ni ziwa."

Nchi ile haina ziwa. Lakini waziri hakosei, kwa hiyo mwezi huo vitabu vya jiografia vikasahihishwa, na Lukosi, uwanda ambao mbuzi wake hunywa kwa zamu, ukaletewa boya moja la kujiokolea. Limetundikwa ukutani mwa ofisi ya kata. Uliliegemea siku walipomchukua Tunu.

*

Kosa lake limeandikwa hivi: kutoboa Mwale wa Taifa kwa kutumia mafuta ya maandazi. Adhabu ni miaka kumi na miwili. Tunu ana binti wa darasa la pili, Zaria, ambaye sasa analala kwa Mama Nasra. Miaka kumi na miwili ikiisha Zaria atakuwa mtu mzima, na mama yake atakuwa mgeni anayemtembelea.

Jana ndiyo ilikuwa kesi. Nilikaa benchi la mwisho. Mwendesha mashtaka, Wakili Nzowa, alikuja na suruali yenye mkunjo unaoweza kukata mkate.

"Mshtakiwa, kisheria ofisi ya kata inafunguliwa saa ngapi?"

"Saa tatu."

"Kwa hiyo saa kumi na mbili hapakuwa na ofisi."

"Palikuwa na mlango. Nikaufungua."

"Mlango wa ofisi ambayo haipo?"

"Mheshimiwa, ufunguo uliingia."

Watu wakacheka, hakimu akagonga meza. Nzowa akaendelea, taratibu, kama mtu anayemenya chungwa. Ofisi haikuwapo, kwa hiyo barua haikuandikwa. Barua haikuandikwa, kwa hiyo gari halikuondoka. Gari halikuondoka, kwa hiyo hakuna mtoto aliyezaliwa wilayani. Kwa hiyo mshtakiwa hakuwa na sababu yoyote ya kugusa muhuri, ila chuki yake kwa mwale.

Pale pale mtoto wa Hidaya, mgongoni mwa mama yake, akaangua kilio.

"Andika," hakimu akamwambia mwandishi wa mahakama. "Kelele. Chanzo hakijulikani."

Hidaya akapanda kizimbani akasema alimwona Tunu akifungua ofisi kabla ya jua. Nzowa akainamisha kichwa kwa huruma.

"Mheshimiwa Hakimu, tusimame kwenye sayansi. Profesa Anselm mwenyewe alitufundisha kwamba mmoja akisema nimeona, hiyo ni kelele. Sheria yetu ya ushahidi nayo inataka watatu."

"Mwiteni basi huyo Profesa," akasema Tunu.

"Profesa yuko nje ya nchi. Mkutano wa kimataifa, anasoma mada kuhusu mwale."

Akaitwa Chande dereva. Chande alikuwa na sare mpya.

"Asubuhi ile ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nimekaa kwenye gari."

"Gari lilikwenda wapi?"

"Mimi nilikuwa nimekaa tu, Mheshimiwa. Kama lilikwenda, lilikwenda lenyewe."

Akapanda Mama Nasra. Alisema yote, kuanzia ngumi za ukutani mpaka kijiko cha mafuta, akamwambia Nzowa, "Na wewe, mama yako alikuzaa saa za kazi?" Akatozwa faini, ushahidi wake ukapokelewa. Hao ni wawili, maana Sudi na mkewe sheria inawahesabu kuwa mmoja.

Hakimu akatazama ukumbi. Nakwambia alitazama, si vibaya sana yule mzee, nilimwona anatafuta. "Mashahidi ni wawili. Sheria inataka watatu waliomwona kwa macho akifungua mlango. Kuna mwingine?"

Feni ikazunguka.

Mimi sikuweza kunyanyuka. Asubuhi ile ya Hidaya nilikuwa ndani, mahabusu, kwa ajili ya maneno yangu kuhusu reli, na sitadanganya kizimbani ili kuwakomesha waongo. Wa foleni mlikuwa wengi, na humo ukumbini nilihesabu nyuso za foleni mpaka nikachoka. Ulikuwa dirishani, umevaa shati la mistari.

"Basi nitasoma hukumu kesho saa tatu," akasema hakimu. "Akitokea wa tatu kabla sijaanza kusoma, nitamsikiliza."

Walipokuwa wanampeleka mahabusu Mama Nasra akamkimbilia.

"Tunu, nitawatafuta leo leo, nyumba kwa nyumba."

"Usiwabembeleze, dada. Wana watoto."

"Na wewe una kuku?"

Tunu akacheka, kile kicheko, mpaka askari naye akatabasamu. Kisha uso ukabadilika, akasema kwa sauti ya chini: "Zaria usimwambie miaka. Mwambie niko semina."

Mama Nasra alizunguka kweli. Aligonga kwako jioni. Taa ilikuwa inawaka, redio inaimba wimbo wa mwale, na mtoto wako akatumwa mlangoni kusema baba hayupo.

Haya. Leo ndiyo siku yenyewe. Karatasi hii nimeipitisha chini ya mlango wako kumepambazuka, na kama unaisoma sasa hivi basi ni saa moja, au moja na nusu kama umekawia kuamka. Mahakama iko mkabala na ghala la mbolea, mlango wa kijani. Kutoka kwako hata hutokwi na jasho. Mama Nasra amesimama kwenye ngazi tangu alfajiri na Zaria yuko naye, amevaa sare ya shule.

Usiniambie jirani ataenda. Jirani naye anasoma karatasi kama hii na anakusubiri wewe. Usiniambie kazi, saa tatu ikigonga utasimama bure dakika nzima mkono kifuani, muda unao. Usiniambie woga, kwa sababu asubuhi ile hukuogopa. Uliingia mwenyewe bila kuitwa ukamulika, Mama Nasra anasema, na taa hukuizima mpaka gurudumu lilipozunguka.

Hakimu atakuuliza swali moja: ulimwona akifungua? Na wewe ulimwona.

Inuka. Vaa viatu. Chai utakunywa ukirudi. Toka sasa hivi, mlango uache wazi ili jirani akuone unakokwenda.